Mtu Aliyeitwa Boneti

Mjomba wangu akifunga mlango, huuvuta mara tatu. Hufanya hivyo kwa mlango wa nyumba yake, kwa kabati la mama anapokuja kutusalimu, hata kwa kifuniko cha chupa ya maji ambayo ataifungua tena baada ya dakika moja. Wanaomcheka zaidi ni wale wanaojua sababu, na mtaani kwetu wanaojua ni wote. Jina lake la kuzaliwa halitumiki tena ila na mama yangu, dada yake. Wengine wote wanamwita Boneti.

Jina hilo lina miaka kumi na miwili na mimi nimelichukia muda wote huo. Watoto wa shule wakipita kwenye ghala la mbao ambako yeye ni mlinzi wa geti, humuuliza, "Boneti, umefunga?" Naye huwajibu, "Nimefunga, piteni salama," kana kwamba wamemsalimu tu. Mimi ningewatupia kandambili. Gerejini naitwa Msasa, na si kwa sababu ya kazi yangu ya rangi peke yake.

Gereji yenyewe ni ya baba. Ni uwanja wenye paa la mabati upande mmoja na jua kali upande wa pili. Ukutani baba amechora kwa mkaa umbo la kila nyundo mahali pake, ili ikikosekana moja ajue mara moja na aanze kugomba. Kona yangu imezungushiwa maturubai ya kuzuia vumbi, na ndani yake kuna kompresa inayokohoa kwanza kabla ya kuwaka.

Baba ni fundi wa bodi, na jina lake la kazi ni Nyundo Moja. Alijipa mwenyewe. Anasema fundi mbovu hupiga bati mara mia, fundi mzuri hupiga mara moja tu mahali panapotakiwa. Unaweza kumwamini, mpaka ukae naye siku moja ukihesabu. Lakini sitamnyima haki yake, mkono anao. Huegemeza nyuma ya bati kipande cha chuma kizito anachokiita mto, akapiga kwa mbele, kisha akafumba macho na kupitisha kiganja, na kiganja chake huona vitu ambavyo mimi mwenye macho yangu mawili sivioni. Kazi yake ikifika kwangu huwa inahitaji kidogo sana pati, ule uji mzito wa kusawazisha bati, kabla ya rangi. Ubaya ni kwamba analijua hilo, na hajawahi kulisahau hata siku moja.

Sasa nieleze jina la mjomba lilivyopatikana.

Zamani hizo mjomba alikuwa dereva wa lori la Mama Kokoto, mwanamke anayewauzia wajenzi mchanga na kokoto. Lori ni la kizamani, lile lenye pua ndefu mbele, na mjomba alikuwa akilifuta vumbi asubuhi kabla hajanywa chai yake. Siku moja likiwa limeegeshwa, basi lilirudi nyuma likaliponda upande wa kulia. Likaletwa kwa baba. Baba akalinyoosha kwa siku nne, nikalipiga rangi, likatoka linang'aa. Wiki ya tatu mjomba anashuka mteremko na kokoto nyuma, boneti ikafunguka yenyewe, ikainuka na kumziba kioo chote. Alifunga breki bila kuona kitu. Lori likaingia mtaroni, likalala ubavu, kokoto zikatapakaa barabara nzima. Hakuna aliyekufa, na nadhani ndiyo maana watu waliona ruhusa ya kucheka. Magari yalisimama nusu siku, na nusu siku inatosha kumpa mtu jina.

Mjomba alisema neno moja na hajalibadilisha mpaka leo. "Niliifunga. Niliisikia ikilia tak."

Mama Kokoto akamwita baba pale pale barabarani, mbele ya umati. Akamuuliza kama loki ya boneti ni mbovu. Baba alichuchumaa, akachukua bisibisi, akaifunga na kuifungua loki mara tatu. Tak, tak, tak. Kila mtu alisikia. Akasimama, akajifuta mikono, akasema, "Loki haina kosa. Labda shemeji hakuifunga vizuri." Watu waliichukua sentensi hiyo wakaliondoa lile neno labda, wakaenda nayo nyumbani. Mjomba akanyang'anywa lori, na hakuna mwenye gari aliyempa lingine.

Tangu siku hiyo kila dereva wa lori lile alifunga boneti kwa utepe wa mpira wa tyubu, kutoka kwenye pua mpaka kwenye bampa. "Isije ikawa kama ya Boneti," walikuwa wakisema. Miaka kumi na miwili mpira ulikuwa pale, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini loki isiyo na kosa inahitaji kufungwa kwa mpira. Mimi mwenyewe sikujiuliza, na nilikuwa nikiufungua kila nilipoipaka pua ile rangi.

Mwaka huu lori lilirudi. Dereva wa mwisho aligonga nguzo ya geti la machimbo kwa upande wa kushoto, akasema magoti yake yamechoka, akarudisha funguo. Mjomba akasikia. Akavaa shati lake jeupe la misiba na harusi, akapiga moyo konde, akaenda kuomba kazi yake ya zamani. Mama Kokoto hakumfukuza. Alimpa kiti, akamwambia, "Kaka, mimi nakuheshimu. Lakini wateja nitawaambia nini? Kwamba nimemrudishia lori Boneti?" Kuna dereva mwingine alikuwa anamfikiria. Akasema Jumamosi lori likitoka gereji ataamua nani akabidhiwe funguo.

Mjomba alipita kwetu jioni ile, akakaa kwenye kigoda jikoni kwa mama. "Nimebakiza miaka michache ya kushika usukani," akasema. "Nataka siku nikishuka kwenye lori, nishuke mwenyewe. Nisishushwe."

Mama alimwongeza chai, na mimi nikatoka nje kuvuta pumzi.

Kwa hiyo mjue kwamba wiki ile sikuwa nasubiri lori tu. Nilikuwa naisubiri Jumamosi.

Jumatatu baba alilizunguka lori mara mbili, akaguna. Madigadi ya kushoto, yale mabati yanayofunika gurudumu la mbele, yalikuwa yamekunjamana. Bampa ilikuwa imepinda, na chuma cha mbele kinachobeba rejeta na loki kilisukumwa nyuma. Boneti yenyewe ilipona, ila mkwaruzo tu.

"Siku tatu," akasema baba. "Alhamisi unapiga rangi."

Baba ana njia yake ya kazi. Hapimi kwa futi. Anachukua upande wa gari usiogongwa, anakata boksi gumu kufuata umbo lake, anaweka na kijiti cha kipimo kuanzia ukingo wa mlango mpaka kwenye ncha ya mbele, kisha analigeuza boksi na kulipeleka upande ulioharibika. Anaupiga upande huo mpaka ulingane na boksi. Nimeiona njia hiyo ikifanya kazi kwenye magari mengi sana. Jumatatu akakata boksi lake kwenye upande wa kulia, akaupigapiga kwa kiganja kama anayempongeza mtu.

"Huu niliunyoosha mimi," akaniambia. "Ni sahihi kuliko ulivyotoka kiwandani."

Jumanne na Jumatano alipiga. Alivuta chuma cha mbele kwa mnyororo, akakunjua mikunjo, akapitisha boksi, akapiga tena. Jumatano alasiri upande wa kushoto ulikuwa pacha wa kulia, hata mimi niliridhika. Tukaishusha boneti. Haikufunga. Pua yake ilitokeza mbele, na ndoano inayotakiwa kuingia kwenye loki ikaangukia nje kabisa, hewani.

Baba akaitazama kama mtu aliyetukanwa na mtoto.

"Boneti imetanuka," akasema.

"Boneti haikuguswa, baba."

"Msasa, hapa nani fundi wa bodi?"

Nikarudi kwenye kona yangu, nikasugua kitu ambacho kilikuwa hakihitaji kusuguliwa.

Alhamisi ilikuwa siku mbaya. Alilegeza bawaba za boneti akaisogeza nyuma, ikabana kwenye kioo. Akairudisha. Akaanza kuipiga pua ya boneti ili ifupike, jambo ambalo angemfukuza fundi mwingine kwa kulifanya. Bati likipigwa sana hutanuka, na lilipotanuka likaanza kuingia na kutoka ukilibonyeza, kama mfuniko wa kopo la maziwa. Akawasha gesi akalichoma kwa nukta nukta na kulipoza kwa kitambaa cha maji ili likaze. Likakaza pale, likavimba kwingine. Kila baada ya nusu saa alikuwa anapeleka boksi lake kushoto, linalingana. Analipeleka kulia, linalingana. Anashusha boneti, haifungi. Alitupa nyundo chini, na katika maisha yangu sikuwahi kumwona akitupa nyundo. Mama alileta chakula saa saba, akakikuta cha asubuhi hakijaguswa, akaondoka na vyote viwili.

Saa tisa mjomba akapita akitoka zamu. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama anavyosimama siku zote mbele ya lori lile. Akatazama baba akihangaika. Mwishowe akasema polepole, "Shemeji, nikuambie kitu?"

"Sema."

"Wakati wangu, kabla halijagongwa na basi, nikikaa kwenye usukani nilikuwa naziona zile taa ndogo mbili juu ya madigadi, huku na huku. Ulipolitengeneza ile ya kulia ikapotea. Nikawa naiona ya kushoto tu."

"Ukaniambia, nikakwambia ukae wima," akasema baba bila kuinua kichwa.

"Uliniambia hivyo. Nikakaa wima."

"Basi. Nenda kafunge geti lako."

Kule kwenye matairi makuukuu kulikuwa na wateja wawili wanangoja gari lao. Walicheka. Mjomba akatabasamu nao, akawaaga, akatoka, akalivuta geti letu mara tatu. Uso uliniwaka moto. Nilikuwa na hasira na wale wateja, na baba, na mjomba pia kwa kutabasamu, na hiyo ya mjomba ndiyo iliyoniuma zaidi kwa sababu hakustahili.

Baba alipokwenda kunawa, nilipanda kwenye lori. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikanyoosha mgongo wima kabisa, nikatazama mbele juu ya boneti. Taa ya kulia sikuiona. Taa ya kushoto pia sikuiona. Nikainua shingo mpaka ikauma. Hakuna taa. Mjomba alikuwa akiiona ya kushoto kwa miaka yake yote, na sasa, baada ya siku tatu za baba kulinganisha, imerudi kujificha nyuma ya boneti kama mwenzake.

Nilishuka, nikachukua spana, nikaenda upande wa kulia. Sikujua natafuta nini. Nilifungua bolti ya kwanza inayoyashika madigadi kwenye chuma cha mbele, na jambo la kwanza nililoliona ni washa, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati. Ilikuwa kubwa mno, ya kutosha gurudumu la mkokoteni. Nikaitoa. Chini yake tundu halikuwa la mviringo. Lilikuwa refu, limechongwa kwa tupa kuelekea mbele, upana wa kidole kizima. Nikafungua ya pili. Washa kubwa, tundu refu. Ya tatu na ya nne, vivyo hivyo.

Nieleze kwa wasio mafundi. Ukinyoosha gari lililopondwa, mwishoni matundu ya bati yanatakiwa kukutana yenyewe na matundu ya chuma. Yasipokutana, maana yake kuna kitu bado kimerudi nyuma, nawe unatakiwa kurudisha mnyororo na kuvuta tena, kazi ya siku nzima. Au unachukua tupa, unachonga tundu liwe refu mpaka bolti ipite, unafunika kwa washa kubwa, na hakuna atakayejua. Baba alichonga. Kwa hiyo upande wa kulia ulibaki nyuma kidole kizima, na chuma kile kikakaa upande upande, na loki iliyo katikati yake ikakaa upande upande nayo. Ndoano ya boneti ilikuwa inashika ukingoni tu. Inalia tak, na baada ya mteremko wenye mashimo inachomoka.

Loki haikuwa na kosa. Kilichokuwa na kosa ni kile kilichoibeba. Na wiki hii baba alikuwa amechukua kosa lake mwenyewe, akalikatia boksi, akalihamishia upande wa pili.

Aliporudi alinikuta nimesimama, na washa nne ziko chini kwenye gazeti.

"Nani kafungua?"

"Mimi."

Alichuchumaa. Akaweka kidole ndani ya tundu, akakisogeza mbele na nyuma. Kidole kilikuwa na nafasi ya kutembea. Nilidhani ningefurahi, maana si kila siku nampata baba na kosa. Sikufurahi hata kidogo.

"Siku zile Mama Kokoto alikuwa amenisimamia kichwani," akasema mwishowe. "Alikuwa na mzigo wa kupeleka."

"Baba, mjomba aliifunga."

"Nimesikia."

"Aliifunga."

"Msasa, nimesikia."

Ijumaa alifanya kazi tangu alfajiri. Alirudisha mnyororo, akaweka jeki, akavuta chuma cha mbele kutoka kulia, kidogo kidogo, mpaka kikatoa mlio na kurudi mahali pake. Aliyajaza yale matundu marefu kwa kuyachomelea, akatoboa mapya ya mviringo. Akavuta kushoto pia, kisha akainyoosha pua ya boneti aliyoivimbisha Alhamisi. Hakulitumia boksi lake, na nililikuta baadaye limekunjwa kwenye pipa la taka. Saa tisa tuliinua boneti tukaiachia. Ilishuka kwa uzito wake yenyewe, ikalia tak, ikakaa. Alihitaji nyundo moja tu kurekebisha ukingo. Siku nyingine angeniinulia kidole kimoja kwa majivuno.

"Piga rangi," akasema.

"Utamwambia?"

"Nimeshanyoosha. Imetosha."

"Haijatosha."

"Kesho lori litakuwa zima, boneti haitafunguka tena, unataka nini zaidi? Nikatangaze kwenye kipaza sauti?"

"Mjomba alitangazwa kwenye kipaza sauti," nikasema. Nikaichomoa kompresa kwenye umeme, nikaufungua waya wake, nikauzungusha mkononi, nikauweka mkobani mwangu. "Sipigi rangi."

Alinitazama kama hanifahamu. Sijawahi kumgomea kazi. Akasema nitamwaibisha mbele ya mteja, akasema anaweza kumwita mpaka rangi mwingine, akasema mengine ambayo siyaandiki. Nikamwambia amwite huyo mwingine, nikaenda nyumbani. Usiku mama aliuliza kuna nini, kwa maana tulikula tukiwa tumepeana migongo. Hakuna aliyemjibu, na hilo lilinikasirisha tena, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa katikati ya mumewe na kaka yake miaka kumi na miwili, na hata sasa tulikuwa tunamficha.

Jumamosi saa tatu Mama Kokoto alifika na funguo zake. Lori lilikuwa limenyooka kabisa, na mbele yote ni ya kijivu cha praima, ile rangi ya chini, ambayo baba aliipaka kwa brashi. Mjomba alikuwepo, amevaa lile shati jeupe, amesimama karibu na geti ambako hamsumbui mtu.

"Hii nini?" akauliza Mama Kokoto. "Mliniambia Jumamosi. Rangi iko wapi?"

Aliniuliza mimi. Nikamtazama baba. Baba alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, na mikono ilikuwa safi.

"Mama, njoo uone kitu," akasema.

Akampeleka upande wa kulia. Akatoa mfukoni zile washa nne, akazipanga juu ya madigadi. Ndipo nikajua kwamba alitembea nazo tangu Alhamisi.

"Siku ile uliniuliza kama loki ni mbovu," akasema. "Nikakuonyesha kwamba haina kosa. Kweli haikuwa na kosa. Chuma kinachoibeba ndicho kilichokuwa kimekaa upande, kwa sababu matundu hayakukutana na mimi nikayachonga kwa tupa. Nikafunika kwa hizi. Shemeji aliifunga boneti. Aliyeiacha wazi ni mimi."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumweleza mteja kuhusu bampa. Wale wateja wawili wa Alhamisi walikuwa wamefuata gari lao, na safari hii hawakucheka. Mama Kokoto alichukua washa moja, akaigeuza, akairudisha. Mimi nilikuwa nalia, nikajifanya vumbi limeniingia jichoni, gereji nzima ikajifanya imeniamini.

Mjomba alikuja pale lori lilipo. Hakulitazama. Alimtazama baba.

"Siku ile ulijua?"

"Sikujua kwamba ndiyo sababu."

"Sijakuuliza hilo. Ulijua umechonga?"

Baba aliweka kitambaa chini.

"Nilijua."

Mjomba aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayehakikishiwa njia aliyoijua. Sikuwahi kumwona baba amekuwa mdogo kiasi kile. Nilikuwa nimelitaka hilo siku mbili nzima, na lilipofika nikatamani mtu aseme jambo lolote, hata la kijinga, ili lipite.

Aliyesema ni Mama Kokoto. Alimpa mjomba funguo. Hakumwita Boneti, alimwita kwa jina lake, lile analolitumia mama yangu, na alilitamka kwa kujikaza kama mtu anayelikumbuka katikati ya kulisema. "Jumatatu asubuhi," akasema. "Kuna mzigo wa kokoto." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe fanya hima na hiyo rangi."

Nikarudisha waya, nikachomeka kompresa. Nilipiga rangi Jumamosi yote na sehemu ya Jumapili, bluu ile ile ya zamani, matabaka matatu na la mwisho la kung'arisha. Nikiri kwamba ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Ungeweza kuchana nywele mbele yake.

Jumatatu mjomba alifika kabla ya jua kukaza. Alilizunguka lori, akapanda kwenye usukani, akakaa wima. "Zote mbili naziona," akasema kutoka juu, nasi tukajua anazungumzia taa. Akashuka. Akainua boneti, akaiachia. Tak. Baba alikuwa amesimama pembeni, na nilimwona akipumua. Mjomba aliivuta boneti mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Haikutikisika.

Halafu akaenda kwenye pipa la taka, akapekua, akatoa ule utepe wa mpira wa tyubu. Ulikuwa umepauka, una vumbi na mafundo ya madereva wote waliomfuata. Akaurudisha kwenye pua ya lori, juu ya rangi yangu mbichi, akauvuta mpaka kwenye bampa, akaanza kufunga.

"Shemeji," akasema baba. "Hauhitajiki tena. Boneti ni nzima, nakuapia."

"Najua ni nzima," akasema mjomba, akikaza fundo. "Nimeisikia. Hata siku ile niliisikia." Akavuta fundo mara tatu. "Lakini mimi kusikia hakukunisaidia. Acha safari hii watu waone."

Akapanda, akawasha, akatoka getini taratibu. Ule mpira ulikuwa umeshaanza kuikwaruza rangi, na nilikuwa naona kabisa mstari utakaobaki. Baba alikuwa anauona pia. Tulisimama pale tukilitazama lori mpaka likakata kona, kisha baba akarudi ndani, akaokota tupa mezani, akaitafutia mahali kwenye ule ukuta wa nyundo, na ukutani hapakuwa na umbo lake.